Makundi ya Elementi na Mielekeo Yake katika Jedwali Radidia: Ufafanuzi kwa Mfano wa Udongo wa Kibanja na Rweya, Nshamba, Wilaya ya Muleba

Ikisiri

Makala haya yanafafanua makundi ya elementi na mielekeo ya sifa zake katika jedwali radidia kwa kutumia mfano wa udongo wa Nshamba, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Hoja kuu ni kwamba mielekeo miwili, yaani ukubwa wa ioni na kiasi cha chaji yake, inatosha kueleza kwa nini mvua huondoa sodiamu na potasiamu mapema, magnesiamu na kalsiamu baadaye, na kubakiza aluminiamu. Kutokana na mpangilio huo, makala yanaonesha kwamba kibanja hakiwezi kudumu bila kulishwa, na kwamba si kila lishe inaweza kuziba kila pengo. Aidha, makala yanadhihirisha kuwa maelezo hayo yanaweza kutolewa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho bila kupunguza uzito wa kisayansi.

Maneno makuu: jedwali radidia, kundi, kipindi, ioni, udongo tindikali, kibanja, rweya

1.0 Utangulizi

Nshamba, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Muleba na Bukoba, mpaka kati ya ardhi yenye rutuba na ardhi isiyo na rutuba huonekana kwa macho. Upande mmoja kuna kibanja: nyumba iliyozungukwa na migomba, mibuni chini ya migomba, maharage kati ya mashina, na matandazo yaliyofunika ardhi hata udongo hauonekani. Hatua chache kutoka hapo huanza rweya, yaani uwanda wa nyasi ambamo kwa desturi watu hukata nyasi, hulisha ng'ombe, na hulima njugumawe kwa msimu kisha huiacha ardhi ipumzike kwa miaka. Kati ya hivyo viwili hupatikana kikamba, shamba la mazao ya msimu ambalo mara nyingi ni kibanja kilichopungukiwa nguvu.

Mgeni anaweza kudhani kwamba wazee walichagua udongo mzuri wakauita kibanja, wakauacha mbaya ukawa rweya. Dhana hiyo ilikwisha kuhojiwa zamani. Mwaka 1938 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, alichapisha makala kuhusu Bukoba ambayo mada yake ilikuwa rutuba ya juu na rutuba ya chini ndani ya udongo wa aina moja. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya tofauti inayoonekana leo haikutoka katika mwamba bali katika kazi ya watu: vizazi vya kubeba nyasi, samadi, majivu na mabaki ya jikoni kuvipeleka sehemu moja.

Swali linalobaki ni la kikemia. Kwa nini udongo huo, ukiachwa wenyewe, huwa rweya? Ni kitu gani hasa kinachoondoka, kinaondoka kwa utaratibu gani, na nini hubaki? Jibu lake limo katika jedwali radidia, ambalo wanafunzi wengi hulikariri bila kuambiwa linahusiana vipi na ardhi wanayoikanyaga.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Katika shule za msingi za umma nchini Tanzania sayansi hufundishwa kwa Kiswahili, ilhali katika shule za sekondari lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Jedwali radidia hukutwa katika ngazi hiyo ya pili. Matokeo yake ni kwamba kijana anaweza kutaja safu nzima za elementi kwa Kiingereza, lakini anaporudi kibanjani hana sentensi hata moja ya kumweleza bibi yake kwa nini majivu yanaufaa mgomba. Bibi anajua kwamba yanafaa, na kijana anajua potasiamu ni nini. Kinachokosekana ni daraja kati ya maarifa hayo mawili.

2.0 Jedwali Radidia na Mpangilio Wake

Kitenzi radidi humaanisha kurudia jambo mara kwa mara, na ndiyo maana istilahi jedwali radidia inafaa. Ukiziorodhesha elementi kwa utaratibu maalumu, sifa zake hurudi baada ya hatua fulani, kama majira yanavyorudi katika mwaka. Dmitri Mendeleev wa Urusi ndiye aliyelipa jedwali hilo umbo lenye nguvu mwaka 1869, wakati elementi zilizojulikana zilikuwa 63. Alizipanga kwa uzani wa atomi, akaacha nafasi tupu pale ambapo mrudio wa sifa ulidai elementi ambayo haijagunduliwa. Nafasi iliyokuwa chini ya aluminiamu ilijazwa mwaka 1875 kwa kugunduliwa galiamu nchini Ufaransa, na ile iliyokuwa chini ya silikoni ilijazwa mwaka 1886 kwa kugunduliwa jerimaniamu nchini Ujerumani. Mwaka 1913 Henry Moseley wa Uingereza alionesha kwamba msingi sahihi wa kupanga si uzani bali namba ya atomi, yaani idadi ya protoni katika kiini.

Leo jedwali lina elementi 118 katika mistari 7 ya ulalo na safu 18 za wima. Mstari wa ulalo huitwa kipindi, na safu ya wima huitwa kundi. Ni muhimu kuzitenganisha istilahi hizi mbili mapema, kwa kuwa katika matumizi ya kawaida neno kundi humaanisha mkusanyiko wowote. Katika kemia, kundi ni safu ya elementi zenye mpangilio unaofanana wa elektroni za nje. Kipindi kwa upande wake huonesha idadi ya maganda ya elektroni yanayotumika: elementi za kipindi cha 3 zina maganda matatu, na za kipindi cha 4 zina manne.

3.0 Makundi: Udugu wa Elektroni za Nje

Katika jamii ya Wahaya, watu wa ukoo mmoja, yaani oruganda, huwa na mwiko mmoja wanaouita omuziro. Mmoja anaweza kuwa mtoto na mwingine mzee, mmoja mfupi na mwingine mrefu, lakini mwiko wao ni uleule. Kundi la elementi linaweza kuelezwa hivyo kwa mwanafunzi anayeanza: wanakundi hutofautiana kwa ukubwa na uzani, lakini hushiriki tabia moja ya msingi. Hata hivyo mlinganisho huu una mpaka. Ukoo hutokana na nasaba, ilhali kundi hutokana na idadi na mpangilio wa elektroni katika ganda la nje.

Kundi la 1, ukiondoa hidrojeni, ni la metali alkali: lithiamu, sodiamu, potasiamu, rubidiamu, sesiamu na fransiamu. Kila moja ina elektroni moja katika ganda la nje. Sodiamu, yenye namba ya atomi 11, ina mpangilio wa 2, 8, 1. Potasiamu, yenye namba 19, ina 2, 8, 8, 1. Elektroni hiyo moja hutoka kwa urahisi, na atomi hubaki ioni yenye chaji moja chanya. Jina la kundi lenyewe lina historia iliyo karibu na jiko. Neno alkali limetokana na Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea, na alama ya potasiamu, K, imetoka katika jina la Kilatini kalium lenye asili hiyohiyo. Humphry Davy aliitenga potasiamu kwa umeme mwaka 1807, lakini maji ya majivu yalikuwa yametumika kwa karne nyingi kabla yake.

Kundi la 2 ni la metali za ardhi alkali, zikiwemo magnesiamu yenye namba 12 na kalsiamu yenye namba 20. Hizi zina elektroni mbili za nje, nazo huzitoa zote mbili na kuwa ioni zenye chaji mbili chanya. Kundi la 13 lina aluminiamu, yenye namba 13 na mpangilio wa 2, 8, 3, ambayo hutoa elektroni tatu. Kundi la 15 lina nitrojeni na fosforasi. Kundi la 17 ni la halojeni, kama klorini, ambazo hupokea elektroni moja badala ya kutoa. Kundi la 18 ni la gesi adimu, kama neoni na agoni, ambazo ganda lake la nje limejaa na kwa hiyo hazipendi kuingia katika mabadiliko ya kikemia.

Katikati ya jedwali, kati ya kundi la 3 na la 12, zimo metali za mpito, na chuma ni mojawapo. Udugu wa metali hizi hauko katika safu tu bali pia katika mstari, kwa kuwa elektroni zinazoongezeka huingia katika ganda la ndani. Rangi nyekundu ya udongo wa Kagera hutokana na oksidi za chuma, na uhunzi wa kale wa Wahaya, ambao mabaki ya tanuri zake yamechimbuliwa Katuruka, ni ushahidi kwamba mkoa huu umejua kemia ya metali hiyo kwa vitendo kwa muda mrefu sana.

4.0 Mielekeo: Kinachobadilika na Sababu Yake

Iwapo kundi huonesha kufanana, mwelekeo huonesha namna kufanana huko kunavyobadilika hatua kwa hatua. Mielekeo yote inayojadiliwa hapa hutokana na mvutano mmoja: protoni za kiini huzivuta elektroni za nje, na elektroni za ndani hupunguza mvuto huo kwa kukaa katikati kama kinga.

Tukienda kutoka kushoto kwenda kulia katika kipindi, protoni huongezeka ilhali ganda la nje ni lilelile. Mvuto huongezeka na atomi hupungua ukubwa. Nusukipenyo cha atomi ya sodiamu katika metali ni takribani pikomita 186, cha magnesiamu 160, na cha aluminiamu 143. Tukishuka katika kundi, kila hatua huongeza ganda jipya, hivyo elektroni ya nje huwa mbali zaidi na kiini na atomi huwa kubwa zaidi. Potasiamu, iliyo chini ya sodiamu, ina nusukipenyo cha takribani pikomita 227.

Nishati ya uionishaji, yaani nishati inayohitajika kuing'oa elektroni ya kwanza, hufuata sababu hiyohiyo kwa kinyume. Katika kundi la 1 hushuka kutoka kilojuli 520 kwa moli kwa lithiamu hadi 496 kwa sodiamu, 419 kwa potasiamu na 376 kwa sesiamu. Katika kipindi cha 3 hupanda kwa ujumla, kutoka 496 kwa sodiamu hadi 1,521 kwa agoni. Neno "kwa ujumla" lina uzito wake hapa. Magnesiamu ina 738 lakini aluminiamu inayofuata ina 578, kwa kuwa elektroni ya tatu ya aluminiamu huingia katika ganda dogo lenye nishati ya juu zaidi na hivyo hung'oka kwa urahisi. Mwelekeo ni kanuni yenye sababu, na pale sababu inapobadilika, namba nazo hubadilika. Mwanafunzi anayefundishwa sababu hiyo hatashangazwa na aluminiamu.

Kwa madhumuni ya udongo, hata hivyo, kinachohitajika zaidi si atomi bali ioni, kwa sababu elementi hizi hukaa udongoni zikiwa zimekwisha kutoa elektroni zake. Jedwali 1 linaonesha ioni tano. Safu ya mwisho imepatikana kwa kugawanya chaji kwa nusukipenyo, kisha kuzidisha kwa 100.

Jedwali 1: Chaji na ukubwa wa ioni tano

| Ioni | Kundi | Chaji | Nusukipenyo (pikomita) | Chaji kwa kila pikomita 100 |
|---|---|---|---|---|
| Sodiamu | 1 | +1 | 102 | 0.98 |
| Potasiamu | 1 | +1 | 138 | 0.72 |
| Magnesiamu | 2 | +2 | 72 | 2.78 |
| Kalsiamu | 2 | +2 | 100 | 2.00 |
| Aluminiamu | 13 | +3 | 53.5 | 5.61 |

Ioni za sodiamu, magnesiamu na aluminiamu zote zina elektroni 10, sawa na neoni. Kinachozitofautisha ni protoni: 11, 12 na 13. Elektroni zilezile zikivutwa na protoni nyingi zaidi hujibana, na ndiyo maana ioni ya aluminiamu ina karibu nusu ya nusukipenyo cha ioni ya sodiamu. Ndogo kwa umbo, kubwa kwa chaji: hiyo ndiyo sifa itakayoamua hatima ya udongo.

5.0 Kutoka Jedwalini hadi Udongoni

Chembe za mfinyanzi na za mboji huwa na chaji hasi katika nyuso zake. Ioni chanya hushikwa hapo, na mizizi huzipata kwa kubadilishana: mzizi hutoa ioni ya hidrojeni na kupokea, kwa mfano, ioni ya potasiamu. Maji ya mvua nayo hufanya biashara hiyohiyo, kwani hubeba asidi hafifu itokanayo na kabonidioksidi. Tofauti ni kwamba ioni anayoipokea mgomba hubaki shambani, ilhali ile inayopokewa na maji husombwa kwenda chini kusikofikiwa na mizizi.

Ni ioni ipi hushikwa kwa nguvu zaidi? Kanuni mbili zinatosha. Ya kwanza inahusu makundi: chaji kubwa hushikwa zaidi. Kwa hiyo aluminiamu yenye chaji tatu huzitangulia kalsiamu na magnesiamu, nazo huzitangulia potasiamu na sodiamu. Ya pili inahusu mahali ndani ya kundi, nayo mwanzoni huonekana kama mkanganyiko. Jedwali 1 linaonesha kwamba sodiamu ina chaji iliyobanwa zaidi kuliko potasiamu, na magnesiamu zaidi kuliko kalsiamu. Mtu angetarajia kwamba ndogo zishikwe zaidi. Kinyume chake ndicho hutokea. Ioni ndogo huyavuta maji kwa nguvu na kujivika tabaka nene la maji, na tabaka hilo huiweka mbali na uso wa mfinyanzi. Ioni kubwa hujivika maji machache na kusogea karibu. Hivyo, ndani ya kundi, ya chini hushikwa kuliko ya juu.

Tukiziunganisha kanuni hizo tunapata mpangilio ufuatao, kutoka inayoshikwa sana hadi inayoshikwa kidogo: aluminiamu, kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, sodiamu. Tumeupata kutokana na nafasi za elementi katika jedwali peke yake, nao ndio mpangilio unaojulikana katika sayansi ya udongo.

Sasa tulete mvua. Bukoba mjini hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kiasi hicho hupungua kadiri mtu anavyoliacha Ziwa Victoria kuelekea magharibi. Milimita moja juu ya mita mraba moja ni lita moja. Maana yake ni kwamba kando ya ziwa kila mita mraba hupokea takribani lita 2,000 kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, juu ya udongo uliotokana kwa sehemu kubwa na mawe ya mchanga ambayo tangu asili hayana akiba kubwa ya virutubisho. Sodiamu na potasiamu huondoka kwanza, magnesiamu na kalsiamu hufuata. Nafasi zilizoachwa huchukuliwa na hidrojeni na aluminiamu, na udongo huwa tindikali.

Aluminiamu haihitaji kuletwa. Imo katika madini ya mfinyanzi wenyewe, imefungwa bila madhara mradi udongo hauna tindikali kali. Kipimo cha pH kikishuka chini ya takribani 5.5, sehemu yake huyeyuka na kuwa ioni huru yenye chaji tatu. Ioni hiyo hudhuru ncha za mizizi, hata mmea hushindwa kufikia maji na chakula kilichosalia. Vilevile aluminiamu na chuma hushikana na fosfeti, na fosforasi ya kundi la 15 hufungwa udongoni bila mmea kuipata. Rweya, kwa mtazamo huu, ni udongo ambao mvua imeusoma jedwali kuanzia kushoto na kuacha kundi la 13.

6.0 Kibanja kama Kazi ya Kurudisha

Kama rweya ni matokeo ya kuondoka, kibanja ni matokeo ya kurudisha. Ng'ombe aliyelishwa rweya mchana na kulala nyumbani usiku alileta samadi. Nyasi zilizokatwa rweya zilitandikwa ndani ya nyumba au chini ya migomba, na zilipooza ziliacha kalsiamu, magnesiamu na potasiamu ambazo mizizi yake ilizikusanya kidogo kidogo katika eneo pana. Majivu ya jikoni yalirudisha potasiamu na kalsiamu zikiwa kabonati, ambazo hupunguza tindikali. Tindikali ikipungua, ioni ya aluminiamu hugeuka kuwa kiwanja kisichoyeyuka na sumu yake hutulia. Kwa hiyo majivu hufanya kazi mbili kwa pamoja: hulisha mgomba na huifunga aluminiamu. Hilo ndilo jibu ambalo kijana wa utangulizi alipaswa kuwa nalo.

Utaratibu huo ulidumu kwa sharti kwamba kiasi kinachoingia kisipungue kile kinachotoka. Mgomba hutumia potasiamu nyingi. Gramu 100 za ndizi mbivu zina takribani miligramu 350 za potasiamu, hivyo kilo 10 za ndizi zilizomenywa hubeba takribani gramu 35. Mkungu ukiliwa nyumbani, na maganda ya ndizi pamoja na majivu vikarudi shambani, sehemu kubwa ya potasiamu hiyo hubaki ndani ya mzunguko. Mkungu ukiuzwa na kupakiwa kwenye lori, potasiamu yake husafiri nao, maganda yakiwemo. Soko linaleta fedha ya ada na ya matibabu, na si kusudi la makala haya kulilaumu. Lakini fedha hiyo, isipoletea kibanja kitu cha kufidia, ni mauzo ya udongo wenyewe.

Tafiti za karibuni katika eneo hili zimeligusa suala hilo. F. P. Baijukya, katika tasnifu yake ya uzamivu iliyotolewa Wageningen mwaka 2004, alichunguza namna mifumo ya kilimo cha migomba kaskazini magharibi mwa Tanzania inavyokabiliana na mabadiliko, akitilia mkazo nafasi ya mimea jamii ya mikunde. Jedwali radidia linasaidia kuona thamani ya njia hiyo na pia mpaka wake. Nitrojeni ya kundi la 15 hupatikana hewani kwa wingi, na bakteria wa mizizi ya mikunde huweza kuinasa na kuifanya chakula. Potasiamu, kalsiamu na magnesiamu hazina umbo la gesi hewani. Hakuna mmea unaoweza kuzitengeneza wala kuzinasa kutoka angani. Zinaweza tu kutoka ndani ya mwamba, kuvutwa kutoka tabaka za chini, au kuletwa kutoka mahali pengine. Mikunde huweza kuziba pengo la nitrojeni. Pengo la kundi la 1 na la 2 hudai samadi, matandazo, majivu, chokaa au mbolea ya dukani.

Wala kirutubisho kimoja hakimalizi kazi. Potasiamu na magnesiamu hushindana kuingia mzizini. Shamba likipewa potasiamu nyingi bila magnesiamu, mgomba huweza kuonesha upungufu wa magnesiamu, ambao dalili yake mojawapo ni mabaka ya rangi ya zambarau katika vikonyo vya majani. Upungufu wa potasiamu wenyewe huanza kwa majani ya zamani kugeuka manjano na kukauka, kwa kuwa mmea huihamisha potasiamu kuipeleka kwenye majani machanga. Mkulima anayeziona dalili hizi anasoma tabia za makundi mawili yaliyo jirani jedwalini.

7.0 Mipaka ya Ufafanuzi

Mfano wa Nshamba una mipaka ambayo mtafiti anapaswa kuizingatia. Kwanza, udugu wa kundi si usawa. Sodiamu na potasiamu ziko katika kundi moja, lakini mgomba hauwezi kuipokea sodiamu badala ya potasiamu kwa kazi zote, na chumvi ya mezani haiwezi kuwa mbolea. Pale ambapo ukubwa unakaribiana, hata hivyo, udugu huo huweza kuwa hatari. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, sesiamu yenye mnururisho iliingia katika mimea kwa njia inayotumiwa na potasiamu, ndugu yake wa kundi la 1. Pili, rutuba haitokani na ioni chanya peke yake. Mboji, maji, viumbe vya udongoni na magonjwa ya migomba yana nafasi yake, na mnyauko wa migomba hauponywi kwa majivu. Tatu, namba za Jedwali 1 hueleza mwelekeo. Hazichukui nafasi ya kupima udongo wa shamba husika kabla ya kuamua kiasi cha chokaa au mbolea.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba kundi ni udugu wa elektroni za nje, kwamba kipindi huonesha maganda yanayotumika, na kwamba mielekeo ya ukubwa na nishati hutokana na mvutano kati ya kiini na elektroni. Yameonesha kwamba kutokana na chaji na ukubwa peke yake mtu anaweza kukadiria utaratibu ambao mvua huzifuata elementi za udongo. Katika Nshamba utaratibu huo una maana ya moja kwa moja. Ng'ombe wanapopungua, rweya inapogawanywa, na mikungu inapouzwa bila fidia, kibanja huanza kupoteza potasiamu, kisha magnesiamu na kalsiamu, na hatimaye hurudi kuwa kikamba, na kikamba kuwa rweya. Kazi ya vizazi inaweza kutoweka ndani ya umri wa mtu mmoja.

Kwa upande wa lugha, hakuna hatua ya ufafanuzi huu iliyolazimika kusimama kwa kukosa neno. Istilahi zilizohitajika zipo: baadhi ni za Kiswahili tangu asili, baadhi zimetoka Kiarabu, na nyingine zimechukuliwa na kutoholewa. Kinachohitaji kuongezwa ni matumizi. Inapendekezwa kwamba watafiti wa istilahi na walimu wa kemia waandae pamoja mifano ya namna hii kutokana na mazingira ya wanafunzi, ili jedwali linalotundikwa ukutani lihusishwe na udongo ulio nje ya dirisha la darasa.